Lebo ya ID3

Lebo ya ID3 ni sehemu ndogo ya faili la muziki la aina ya MP3 inayohifadhi maelezo ya wimbo: jina lake, msanii, albamu, mwaka na aina ya muziki. Programu ya kusimamia mafaili kwenye kompyuta huyasoma maelezo hayo na kuyaonyesha katika safuwima, kando ya jina la faili. Lebo isipokuwepo, safuwima hubaki tupu ingawa wimbo wenyewe unasikika vizuri.

Historia

Muundo wa MP3 haukuwa na nafasi ya maelezo hayo. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo ya kwanza, yenye baiti 128, inayowekwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo, la msanii na la albamu kila moja lilipewa herufi 30 tu, hivyo majina marefu yalikatwa. Toleo la pili, la mwaka 1998, huwekwa mwanzoni mwa faili, na linaweza kubeba hata picha ya jalada.

Sababu za maelezo kukosekana

Jina la faili na lebo ni vitu viwili. Kubadilisha jina la faili hakubadilishi lebo, na kunakili faili hakuifuti. Lebo hukosekana hasa pale wimbo uliporekodiwa kutoka kaseti au redio bila mtu kujaza maelezo, au programu ya kubadili aina ya faili ilipoyaacha. Wakati mwingine lebo ipo, ila safuwima imefichwa. Katika Windows hubofywa kitufe cha kulia cha kipanya juu ya kichwa cha safuwima, kisha huchaguliwa maelezo yanayotakiwa.

Mfano wa Temeke

Herufi TMK katika jina la kundi la Bongo Flava la TMK Wanaume zinatokana na Temeke, Dar es Salaam. Baadaye kundi liligawanyika: Juma Nature akawa na TMK Wanaume Halisi, huku Mheshimiwa Temba na Chege wakiwa TMK Wanaume Family. Faili lililoandikwa "TMK 03" pekee halionyeshi ni kundi lipi, wala nani aliimba. Hivyo msanii hukosa kutambuliwa kwa kazi yake.

Kurekebisha

Maelezo yanaweza kujazwa upya kwa programu ya kuhariri lebo. Inafaa kuyalinganisha kwanza na jalada la kaseti au CD, kwa sababu kompyuta haihakiki ukweli wake, na lebo yenye kosa husambaa kila faili linaponakiliwa.