Fuko hapigwi risasi: namna ya kupima mtego shambani Masisi

Wasomi wenzangu, mwanafunzi mmoja wa agronomia aliniuliza kama bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba, haiwezi kumaliza fuko katika mashamba ya viazi na maharagi ya Masisi. Swali si la kijinga. Marekani kuna watu wanaopiga wanyama wadogo wa mashimo kwa bunduki za namna hiyo, na wengine wanajaza risasi zao wenyewe. Wanapima baruti kwa mizani ndogo sana, wanabadilisha kitu kimoja tu, wanapiga tano kwenye karatasi, kisha wanapima matundu yamekaribiana kiasi gani. Hiyo njia ya kupima naipenda. Bunduki yenyewe hapana.

Kwanza, fuko anaishi chini ya udongo. Utalenga nini? Pili, silaha na uwindaji vina sheria (ya uwindaji ni ya 1982), na kuanzia Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya hali ya kuzingirwa. Lakini hata sheria uiweke pembeni: kwetu mlio mmoja wa bunduki unatosha kijiji kizima kukimbia na magodoro kichwani. Nani atabaki kuuliza kama ni mkulima aliyekuwa akitafuta fuko?

Sasa tuone mtego. Fuko anachimba kwa meno, anakula mizizi na viazi, na kwa kawaida anaishi peke yake katika mifereji yake. Hapendi mfereji ukae wazi. Ukiutoboa, anarudi kuuziba akisukuma udongo, na hapo njo anapokamatwa. Tafuta kichuguu chenye udongo mbichi, chimba mpaka ukute mfereji, weka kitanzi ndani yake, kifunge kwenye fito iliyopindwa juu, halafu kamba ndogo ya kuzuia ipite mbele ya kitanzi. Udongo ukiisukuma kamba, fito inaruka, kitanzi kinabana. Wazee wanaujua mtego huu kuliko sisi wenye lisansi.

Kitu ambacho tunaweza kuongeza ni kuhesabu. Mitego 20 kwa usiku 5 ni usiku-mtego 100. Gawanya idadi ya fuko kwa hiyo, zidisha kwa 100, umepata asilimia yako. Kisha badilisha kitu kimoja: upana wa kitanzi, au umbali wa kamba kutoka kwenye tundu, au ugumu wa fito. Ukibadilisha vyote mara moja, hutajua nini kimesaidia. Gawa mitego nusu kwa nusu katika shamba lile lile na siku zile zile, juu ya mvua inabadilisha kila kitu. Na kama kumi za huku zimekamata 3, kumi za kule 4, usipige kelele: hiyo ni bahati tu. Endelea kutega.

Kuna pia hesabu ya vichuguu. Sawazisha vyote jioni, rudi baada ya siku mbili, hesabu vipya. Fanya hivyo kabla ya kutega na baada. Fuko waliokamatwa ni habari nzuri, lakini mkulima anataka kujua kama viazi vinaacha kuliwa. Mfereji mtupu unaweza kuchukuliwa na fuko wa jirani, kwa hiyo hesabu tena baada ya wiki chache.

Sumu je? Fosfidi ya zinki inaua kwa gesi inayotoka ikikutana na asidi ya tumbo, na tumbo la mtoto lina asidi ile ile. Mahali ambapo familia za wakimbizi zinaokota mabaki ya mavuno, mimi siweki mahindi yenye sumu shambani.

Walikale ni jambo lingine. Kule ni msitu wa chini, wenye joto, na tatizo kubwa ni panya kwenye mahindi na mpunga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamesoma panya shamba kwa miaka mingi: jike anaweza kuzaa kumi au zaidi kwa mara moja, mimba ikiwa ya siku 23 hivi. Mkulima akitega peke yake, panya wa jirani wanajaza nafasi. Majirani wote wategee wiki moja, mapema, kabla mbegu hazijaingia udongoni, na kila mmoja aandike idadi yake ya usiku-mtego.