Kilomita 21 za Mkimbiaji wa Taratibu

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu ya watu hukusanyika alfajiri kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Wanaoshiriki nusu marathoni, yaani kilomita 21.0975, hupandisha kuelekea Mweka katikati ya migomba na mibuni, kisha hugeuza na kuteremka kurudi mjini. Mshindi humaliza kwa saa moja na ushei. Wakati anavishwa medali, mamia ya wenzake wanakuwa ndiyo kwanza wanahema kwenye mpando.

Watu hao hupewa ushauri uleule anaopewa bingwa, tofauti ikiwa ni kwamba wao wapunguze kasi tu. Ushauri huo una kasoro. Jacob Kiplimo wa Uganda alikimbia umbali huu jijini Lisbon, Novemba 2021, kwa dakika 57 na sekunde 31. Mtu anayetumia dakika nane kwa kila kilomita atamaliza baada ya saa 2 na dakika 49, karibu mara tatu ya muda huo. Akipiga hatua 160 kwa dakika, atakuwa amekanyaga lami mara 27,000 hivi, na katika kukimbia kila hatua huutwika mguu mzigo unaofikia mara mbili au tatu ya uzito wa mwili. Anakaa juani muda mrefu zaidi, anatoka jasho muda mrefu zaidi, na magoti yake yanapigwa mara nyingi zaidi. Anachokihitaji kwanza ni ustahimilivu, na ustahimilivu una namna yake ya kujengwa.

Mwaka 1967, John Holloszy wa Chuo Kikuu cha Washington, St. Louis, Marekani, alichapisha matokeo ya jaribio lililobadilisha elimu ya mazoezi. Aliwakimbiza panya kwenye mashine kwa wiki kadhaa, akiwaongezea muda hatua kwa hatua, kisha akachunguza misuli ya miguu yao. Uwezo wa misuli hiyo kutumia oksijeni ulikuwa umeongezeka takriban maradufu. Kilichobadilika ni mitokondria, vinu vidogo ndani ya seli ambamo mafuta na sukari huunguzwa kwa oksijeni ili kupata nguvu. Kwa binadamu pia, mazoezi ya mara kwa mara huongeza vinu hivyo, na vishipa vyembamba vya damu huongezeka kuizunguka misuli. Mabadiliko haya hutokea vizuri katika mwendo mwepesi unaodumu. Wala hayamtaki mtu atapike pembeni mwa barabara.

Mwendo mwepesi ni upi? Kipimo chake Watanzania wanacho tangu shule ya msingi: mchakamchaka, zile mbio za kuimba na kuitikiana. Anayeweza kuitikia wimbo huku akikimbia bado anapata oksijeni ya kutosha. Pumzi ikianza kukatika katikati ya maneno, amevuka mpaka, na mwili umeanza kutegemea zaidi akiba ya sukari, ambayo haichelewi kupungua. Wataalamu hutumia kanuni hiyohiyo maabara: mkimbiaji huongea huku kasi ikipandishwa, na pale anaposhindwa kumaliza sentensi kwa raha, mwendo si mwepesi tena.

Mabingwa wenyewe huiheshimu kanuni hii. Stephen Seiler, mtafiti wa Kimarekani anayefanya kazi Chuo Kikuu cha Agder, Norway, alichunguza ratiba za wanamichezo wa mbio ndefu, wapiga makasia na watelezaji wa theluji, akakuta kwamba takriban asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi. Kundi la Eliud Kipchoge huko Kaptagat, Kenya, nalo lina siku zake za kwenda polepole mno kuliko kasi ya mashindano. Anayeanza hufanya kinyume: kila akitoka anakwenda mbio za kukimbilia daladala, anachoka upesi, na baada ya wiki tatu muundi wa mguu unamuuma.

Maumivu hayo yana sababu. Moyo na damu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi. Kano hupata damu kidogo, na mfupa hubomoa kwanza sehemu chakavu kabla ya kujenga mpya. Kwa hiyo katika wiki ya tano au ya sita mtu anajiona simba, pumzi anayo, hali nyonga na visigino bado viko nyuma. Hapo ndipo wengi huongeza kilomita kwa pupa na kujeruhiwa.

Ratiba salama kwa mtu mwenye afya ambaye tayari hutembea au kukimbia kidogo ni ya wiki 14 hadi 16. Akimbie siku tatu au nne kwa wiki, moja kati ya hizo ikiwa ndefu. Siku hiyo ndefu ianze na dakika 50 au saa nzima, iongezwe dakika kumi kila wiki, na kila wiki ya nne ipunguzwe ili mwili upumue. Ikifika saa mbili na nusu inatosha. Hakuna haja ya kukimbia kilomita zote 21 kabla ya siku yenyewe. Wiki mbili za mwisho mazoezi hupunguzwa. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua amwone daktari kabla ya kuanza.

Kutembea katikati ya mbio si aibu. Jeff Galloway, aliyeiwakilisha Marekani katika mita 10,000 kwenye Olimpiki ya 1972, alifundisha kwa miongo mingi mtindo wa kukimbia dakika chache na kutembea kidogo, tangu mwanzo wa mbio, kabla uchovu haujaingia. Misuli hupumzishwa ikiwa bado na nguvu.

Njia yenye mlima kama ya Moshi ina mtego mwingine, nao uko kwenye mteremko. Wakati wa kushuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavutwa huku ikikaza, na nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Ndiyo maana siku mbili baadaye mtu hushuka ngazi kinyumenyume. Habari njema ni kwamba misuli hujifunza upesi. Hata zoezi moja la mteremko huilinda kwa wiki kadhaa zinazofuata.

Kuhusu chakula, mwili hutunza wanga wa kuzalisha kalori 2,000 hivi, na mtu wa kilo 60 hutumia karibu 1,270 kwa umbali huu. Akiba inatosha kwa hesabu, lakini haiishi sawasawa kila mahali, hivyo gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa husaidia. Ndizi mbivu moja ya wastani ina gramu 27 hivi.

Maji yanahitaji uangalifu wa pande zote mbili. Katika Boston Marathon ya mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 na kukuta asilimia 13 wana upungufu wa sodiamu, hali inayoweza kuua. Walioathirika zaidi ni waliokunywa hadi wakaongezeka uzito, na waliokaa barabarani zaidi ya saa nne. Anayekwenda taratibu ana nafasi nyingi za kunywa kupita kiasi. Anywe kwa kiu yake, si kwa hofu.

Upande wa pili ni kukosa maji. Mtu wa mwisho hupita wakati jua limeshapanda, na mara nyingi hukuta meza tupu na vikombe vilivyotupwa chini. Waandaaji wa mbio wanaochukua ada sawa kwa kila mshiriki wahakikishe maji, mhudumu wa afya na saa ya kumalizia vinabaki mahali pake hadi mkimbiaji wa mwisho apite.