Mwanamichezo wa Chuo Mbele ya Mwajiri

Katika kata ya Dutwa, wilayani Bariadi, kama ilivyo kwingineko katika nchi ya pamba, saa za jioni za mwanafunzi zina wadai wengi: shamba, mifugo, maji na vitabu. Mwalimu wa michezo ni mdai mmoja tu miongoni mwao, na mara nyingi ndiye wa mwisho kusikilizwa. Mzazi huuliza: je, mpira utampatia mwanangu kazi gani? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa vipimo.

Wengi hulijibu kwa kutaja majina. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa jirani wa Mara, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, Marekani. Huko alishinda mbio za vyuo za mita 10,000 kwa miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, na katikati ya masomo hayo akapata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Baadaye alikuwa kocha nchini Brunei. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974, alipita katika chuo hicho hicho, na hatimaye akaanzisha shule zake mwenyewe. Mifano hii yapendeza, lakini haitoshi kuwa ushahidi. Waliokimbia kwa bidii wakarudi nyumbani mikono mitupu hawaandikwi magazetini, na kwa hiyo hatuwahesabu.

Hapa kwetu iko pia njia ya moja kwa moja, ya kuajiriwa ili ucheze. Majina ya timu za zamani yanasema yenyewe: Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi. Majeshi nayo yana timu zao, na watumishi wa wizara na mashirika hukutana katika mashindano ya SHIMIWI na SHIMMUTA. Njia hii ni ya kweli, ila ni nyembamba. Mashirika mengi ya umma yalipobinafsishwa au kufungwa katika miaka ya 1990, timu nyingi za namna hiyo zilififia. Ni rahisi kuona tofauti, siku kama ile, kati ya mchezaji aliyekuwa na cheti cha ufundi au uhasibu na yule aliyeajiriwa kwa miguu yake tu.

Swali gumu zaidi ni hili: je, aliyecheza chuoni hupendelewa hata katika kazi isiyohusiana na michezo? Mwaka 1991 wachumi wawili wa Marekani, Long na Caudill, walitoa matokeo kwamba wanaume waliocheza katika timu za vyuo walipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa karibu asilimia 4. Kwa wanawake hawakuona tofauti kama hiyo. Lakini hapa hapana budi tusimame kidogo. Anayechaguliwa kuingia katika timu huenda tangu awali alikuwa na afya bora, bidii, au wazazi wenye uwezo. Kama ni hivyo, michezo haikumpa kipato. Vyote viwili vimetoka katika chanzo kimoja.

Mtaalamu wa Sweden, Dan-Olof Rooth, alitafuta njia ya kulikwepa tatizo hilo. Alipeleka kwa waajiri halisi barua za maombi ya kazi za watu wa kubuni. Sifa za waombaji zilipangwa kwa bahati nasibu, na baadhi ya barua zikataja kuwa mwombaji ni mwanamichezo. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2011, yalionyesha kwamba barua hizo ziliitwa zaidi kwa kadiri ya pointi 2 za asilimia. Yaani, katika kila barua 100, wawili zaidi waliitwa. Katika kazi zinazohitaji nguvu za mwili, tofauti ilikaribia kuwa maradufu. Kwa maoni yangu, jambo la kuzingatia ni udogo wa tarakimu hiyo. Upo upendeleo, lakini haumwokoi aliyefeli mtihani.

Kwa wasichana habari ni nzito zaidi. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria iliyozilazimu shule zipatazo fedha za serikali kutowabagua wasichana, hata katika michezo. Wakati huo msichana 1 kati ya 27 ndiye aliyecheza katika timu ya sekondari. Kufikia mwaka 1978 alikuwa 1 kati ya 4. Majimbo yaliyokuwa na timu nyingi za wavulana yalilazimika kuongeza nafasi nyingi zaidi za wasichana, wawe na bidii wasiwe nayo. Mchumi Betsey Stevenson aliitumia tofauti hiyo kama jaribio. Aliona, katika makala yake ya mwaka 2010, kwamba ushiriki wa wasichana ulipoongezeka kwa pointi 10 za asilimia, walioendelea na chuo waliongezeka kwa pointi 1, na waliokuwamo katika soko la kazi kwa pointi 1 hadi 2. Mzazi amwondoaye binti katika netiboli na kumwacha kaka yake uwanjani yampasa azijue tarakimu hizi.

Sweden na Marekani si Bariadi. Kidato cha Tatu chaweza kuanza uchunguzi wake kwa daftari moja. Andikeni wahitimu wote wa mwaka mmoja wa zamani, si wale tu mnaowakumbuka. Kwa kila mmoja jazeni alama za mtihani, mchezo aliocheza kama upo, na kazi aifanyayo sasa. Kisha mlinganishe wachezaji na wasiocheza waliopata daraja moja la ufaulu, wavulana peke yao na wasichana peke yao. Wahitimu 30 hawatatosha; unganisheni miaka mitano, na ikiwezekana ombeni daftari la shule jirani.