MBONA KIFAA CHA KUSOMA SAYARI KIWE KIDOGO?

Leo nataka niwaeleze kinagaubaga kuhusu spektromita ya taswira, kifaa kinachochunguza sayari kwa miale ya infraredi tukiwa papa hapa duniani.

Sote tumeona katika maabara jinsi mche wa kioo unavyoigawanya nuru ya jua kuwa rangi za upinde wa mvua. Mwaka wa 1800, William Herschel kule Uingereza aliweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, pasipoonekana kitu. Kumbe kikapanda! Hiyo ndiyo infraredi. Methani ya Mshtarii, mathalani, hunyonya sehemu fulani za miale hiyo na kuacha mapengo meusi. Kamera ya kawaida hutupa picha tu. Spektromita ya taswira hutupa picha ambayo kila nukta yake ina mapengo yake, nasi tukajua gesi gani iko wapi.

Sasa ugumu uko wapi? Kila chenye joto hutoa infraredi, hata kifaa chenyewe! Ni kama kutafuta kimulimuli huku umejimulika tochi machoni. Dawa ni kukifungia kifaa katika chombo kisicho na hewa na kukipoza mno. Wengi hutumia naitrojeni kioevu, ambayo huchemka kwa nyuzi 196 chini ya sifuri.

Basi hebu fikirini, kifaa kikubwa kama kabati kitapozwa vipi? Tena kimefungwa kwenye darubini inayoinama huku na huku. Kikiwa kizito hupindapinda, na vipimo vikaharibika. Ndiyo maana wahandisi hupigania udogo.

Ujanja mmoja ni silikoni. Nuru ikiingia humo, mwendo wake hupungua zaidi ya mara tatu na mawimbi yake hufupika. Kwa hivyo mistari ya kugawanya nuru ikichongwa kwenye silikoni, kipande kidogo hufanya kazi ya kikubwa. Spektromita ya iSHELL, iliyofungwa mwaka wa 2016 kwenye darubini ya IRTF mlimani Mauna Kea, Hawaii, hutumia ujanja huo. Hiyo husoma sayari ukanda mmoja mwembamba kwa wakati. Kanda zikipangwa pamoja, taswira hupatikana.

Wenzangu mnaotaka kuitupa fizikia, ngojeni kwanza. Mche mnaoukariri kwa ajili ya mtihani ndio uliozaa haya yote. Akili ni mali.