Dambeli za Kifua: Chagua Uzito Unaoweza Kuushusha

Katika mitaa ya Mbagala, Tandika, Tandale na Mwananyamala, watu wengi hunyanyua vyuma nyumbani au uani. Baadhi hununua dambeli dukani. Wengine hununua zilizotumika au zilizotengenezwa kwa zege. Katika zoezi la kifua, mtu hulala chali na dambeli huwa juu ya kifua na uso wake. Kosa dogo laweza kuumiza bega au kusababisha ajali mbaya.

Walaji wengi huchagua uzito wanaoweza kuunyanyua. Kipimo salama zaidi ni uzito wanaoweza kuushusha polepole, kwa kuwa anayezidiwa hushindwa kuizuia dambeli inaposhuka.

Kabla ya kununua

- Omba dambeli zote mbili zipimwe kwenye mizani. Zikitofautiana, mwili huelemea upande mmoja.
- Kagua mshikio: usiteleze wala kuzunguka. Nati za visahani zikaze vizuri.
- Usinunue dambeli ya zege yenye nyufa au yenye chuma kilicholegea.
- Dai risiti inayoonesha uzito uliouziwa.

Namna ya kufanya zoezi

1. Keti kwenye benchi, dambeli zikiwa zimesimama juu ya mapaja. Lala chali taratibu huku mapaja yakikusaidia kuzifikisha kifuani.
2. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote. Kichwa, mabega na makalio yaguse benchi. Vuta mabega nyuma na chini.
3. Sukuma dambeli juu ya kifua, mikono ikikaribia kunyooka.
4. Zishushe kwa hesabu ya tatu huku ukivuta pumzi, hadi viwiko vifike usawa wa benchi. Viwiko viachane na mbavu kwa takriban nyuzi 45. Kuvitanua hadi usawa wa mabega hulemea kiungo cha bega. Vifundo vya mikono visipinde.
5. Sukuma tena juu ukitoa pumzi, bila kugonganisha dambeli.
6. Baada ya marudio 8 hadi 12, rudisha dambeli mapajani, kisha inuka. Usizitupe kando.

Asiye na benchi alale juu ya mkeka. Sakafu huzuia viwiko kushuka kupita kiasi.

Mambo ya kuzingatia

Ukishindwa kushusha kwa hesabu ya tatu, uzito huo ni mkubwa kwako, punguza. Ukihisi maumivu makali begani au kifuani, acha mara moja. Mwenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya moyo amwone daktari kabla ya kuanza. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima kuimarisha misuli angalau siku 2 kwa wiki, hivyo hakuna sababu ya kuharakisha.

Iwapo bidhaa hailingani na maelezo uliyopewa, irudishe kwa muuzaji pamoja na risiti. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako Tume ya Ushindani (FCC).