Kuhamisha Kivinjari na Vitu Vyake

Makarani wa matawi wametuuliza yafaa kufanya nini iwapo diski C ya kompyuta imejaa, na diski D ina nafasi. Wengi wao hutumia Firefox katika Windows, na humo ndimo wanamohifadhi maneno ya siri ya benki. Yakipotea wakati wa mavuno, wenye karafuu ndio watakaongojea malipo. Kwa hivyo twaeleza taratibu.

Yafaa kujua ya kuwa Firefox ni vitu viwili. Kuna programu yenyewe, na kuna folda ya wasifu, ambayo ndiyo yenye mali ya mtumiaji. Programu ikipotea hupatikana tena bure. Wasifu ukipotea bila ya nakala, ndio basi. Faili la places.sqlite lina alama za kurasa na kumbukumbu za kurasa zilizofunguliwa. Maneno ya siri yamo katika logins.json, na ufunguo wake umo katika key4.db. Mafaili haya mawili hayatengani: ukichukua moja tu, maneno hayasomeki.

Kazi yenyewe ni hii:

Kwanza, andika about:profiles mahali pa anwani. Utaona wasifu unaotumika na folda yake kuu. Ifungue.

Pili, funga Firefox kabisa. Kunakili wasifu ulio kazini ni sawa na kupima pishi huku karafuu zingali zikimiminwa.

Tatu, nakili folda nzima hadi diski D. Nakili tu, usiiondoe ya zamani.

Nne, fungua Firefox, rudi about:profiles, unda wasifu mpya, na unapoulizwa folda, onyesha ile nakala iliyoko D. Ufanye kuwa wasifu wa kawaida, kisha uanzishe Firefox upya.

Tano, ukitaka kuhamisha na programu, iondoe kwa njia ya Windows, kisha uiweke tena kwa faili kamili la kusimika, ambalo hukuruhusu kuchagua mahali. Tangu toleo la 67 la mwaka 2019, kila mahali Firefox iliposimikwa huwa na wasifu wake, hata huenda ikafunguka tupu. Usifadhaike, nenda about:profiles ukauchague ule wa D.

Diski D iwe ya ndani ya kompyuta. Kidude cha kuchomoa hakifai, kwani kikichomolewa kazi ikiendelea, mafaili huweza kuharibika.

Mwisho, hakuna mkulima anayebomoa ghala la zamani kabla ya kuhesabu magunia katika jipya. Hakikisha alama zote zipo na maneno ya siri yanaonekana; tumia kwa siku chache, ndipo ufute ya zamani. Na katika kufuta, soma vyema jina la folda. Inayofutwa ni ya C.