Asali ya Mikoko na Mtoto Mchanga

Kojani ni kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba, na watu wake wanasifika zaidi kwa uvuvi. Hata hivyo, mikoko ya mwambao wa Pemba ni malisho mazuri ya nyuki, hasa mchu unapochanua.

Kwa njia ya asili, mfugaji hutundika mtini mzinga wa gogo lililochimbwa ndani. Wakati wa kurina hutia moshi, ambao hufifisha harufu wanayopeana nyuki kutahadharishana. Mrina asali mzoefu hukata masega yaliyokwisha kufunikwa kwa nta, kwani asali iliyoiva ina maji machache na haichachi upesi.

Asali ina heshima kubwa visiwani, kwa kuwa Qurani, katika Sura An-Nahl, inataja shifaa yake. Utabibu wa leo nao unakubali kuwa hutuliza kikohozi kwa watoto waliotimiza mwaka 1.

Lakini mtoto wa chini ya miezi 12 asilambishwe asali hata tone. Asali safi nayo yaweza kubeba mbegu sugu za bakteria Clostridium botulinum, ambazo hukua katika utumbo mchanga na kutoa sumu inayolegeza misuli. Kuichemsha jikoni hakuziui. Mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, na kilio chake hufifia. Dalili hizo zikionekana, apelekwe hospitali mara moja. Na kwa mkaazi wa Kojani, safari hiyo huanza kwa kuvuka maji. Ni heri chupa ya asali ingoje mwaka mmoja.